Kwa nini vita vingi vya Civ VI hufia kwenye mji wa tatu?

#1 Mzee wa Zamu

Wakuu, salaam.

Nimesoma nyuzi nyingi za vita vya Civ VI (gemu ya kompyuta ya Civilization VI) humu na kuna kitu kinajirudia. Mtu anatupia picha, kamnyang'anya jirani mji wa kwanza bila jasho. Kesho yake anatupia mji wa pili. Baada ya hapo kimya. Ukimfuata anakwambia jeshi liliisha, au walisaini amani, au mji ulimgeuka. Ni wachache wanaofika kwenye mji wa tatu wakiwa bado na jeshi la kueleweka.

Hoja yangu ni kwamba tatizo ni kupona. Kikosi kina uhai 100. Kikipumzika kwenye ardhi ya adui kinarudisha 5 tu kwa zamu. Ardhi isiyo na mwenyewe ni 10, ardhi yako 15, ndani ya mji wako 20. Kikosi cha panga kilichobaki na uhai 40 kikikaa nje ya mji wa adui kinahitaji zamu 12 kurudi kamili, na hakuna mtu anayesubiri zamu 12. Kwa hiyo tunasonga na majeruhi, na kila uhai 10 uliopotea unakula alama 1 ya nguvu. Unafika mji wa tatu na jeshi ambalo kwa idadi ni lilelile, kwa nguvu silo.

Naongelea Deity hasa, ile ngazi ngumu kuliko zote, nyongeza ya Gathering Storm ikiwa imewashwa. Nawasilisha.

#2 KutaNne

Mkuu, hiyo ni dalili. Ugonjwa ni kuta.

Mji wa kwanza unaoushambulia mapema mara nyingi hauna kuta, na mji usio na kuta haupigi mishale. Unauchukua kwa wapiga mishale na rungu mbili tatu. Sasa vita vimeshaanza na jirani hajalala, anajenga kuta kule kwingine. Ukifika mji wa tatu unakuta kuta za kale zenye uhai 100, na mji unakurushia kila zamu.

Tupige hesabu. Mpiga mishale ana nguvu 25 kwa mbali. Akilenga mji anapunguziwa 17, anabaki na 8. Mji ukiwa na nguvu 28, tofauti ni 20. Vikosi vyenye nguvu sawa huumizana takriban 30, na kila alama moja ya tofauti inabadilisha kama asilimia 4, kwa hiyo kwa tofauti ya 20 unapata kama 13. Halafu silaha za mbali zinaumiza kuta kwa nusu tu. Unabaki na 6 au 7 kwa mshale! Wapiga mishale watatu wanahitaji zamu tano kumaliza ukuta, na mji wenyewe bado una uhai wake 200 nyuma ya ukuta huo.

Hapo ndipo majeruhi wako wanatoka.

#3 Binti Ngao

Ndiyo maana gogo la kubomolea lipo. Ukiwa na gogo, askari wa panga anaupiga ukuta kwa ukamilifu wake. Bila gogo anaumiza ukuta kwa asilimia 15 tu, anajikwangua bure.

#4 Farasi wa Mbele

Mimi naweka gogo kwa kila kikosi. Wapanda farasi wanne, magogo manne, biashara imekwisha.

#5 Binti Ngao

@Farasi wa Mbele kaka, magogo matatu hapo ni uzalishaji uliotupwa, na la nne pia halikusaidii. Gogo moja likigusa mji linatosha kwa wote wanaoushambulia mji huo, huhitaji kila kikosi kubeba la kwake. Na wapanda farasi hawafaidiki na gogo. Ni kwa askari wa panga na wa mikuki. Pia likikutana na kuta za zama za kati halifai kitu, hapo unahitaji mnara wa kuzingira.

#6 Farasi wa Mbele

Aisee. Sasa nimeelewa kwa nini farasi wangu walikuwa wanakufa pale ukutani. Shukrani dada.

#7 Gavana Msafiri

Nyote mnaongelea kuuchukua mji. Mimi naongelea kukaa nao.

Angalia ramani ya uaminifu (alama 0 hadi 100 za mji kukutii) kabla ya kutangaza vita. Kila raia anasukuma mji ulio ndani ya vigae 9 (vigae ni vipande vya ramani) umtii mtawala wake, na msukumo unapungua kwa asilimia 10 kila kigae unachosogea mbali. Mji wa mpakani unauchukua na unakaa, kwa sababu raia wako wako karibu. Mji wa tatu uko ndani kwa ndani. Pande zote kuna raia wa adui, na mji mkuu wake wenye watu wengi kuliko yote uko vigae vinne kutoka hapo. Mji unapoteza uaminifu hadi 20 kwa zamu. Kutoka 100, hata ungekuwa umeuteka ukiwa umejaa, hizo ni zamu tano na unakuwa mji huru, na unakutemea vikosi vya kukupiga.

Halafu kuna zama. Ukiwa kwenye Enzi ya Giza raia wako wanasukuma nusu. Jirani akiwa kwenye Enzi ya Dhahabu wa kwake wanasukuma mara moja na nusu. Raia mmoja wake ni sawa na raia wako watatu. Vita vya namna hiyo vimeshaamuliwa, hata uwe na mizinga mingapi.

Kwa hiyo mleta uzi, mji wa tatu unakushinda kwa sababu ndio wa kwanza ulio nje ya kivuli chako. Majeruhi ni nyongeza tu.

#8 Mzee wa Zamu

@Gavana Msafiri nakukatalia kidogo. Uaminifu uliletwa na nyongeza ya Rise and Fall, Februari 2018. Gemu yenyewe ilitoka Oktoba 2016. Katika kipindi kile chote cha katikati hakukuwa na uaminifu, na bado vita vilikuwa vinafia palepale. Wakongwe watanishuhudia.

#9 Kobe Mtulivu

Nashuhudia. Mwaka wa kwanza wa Civ VI tulikuwa tunakwama mji wa tatu vilevile, ila tulikuwa tunalaumu njia nyembamba.

Na bado nalaumu njia nyembamba. Kigae kimoja, kikosi kimoja. Ukiwa na vikosi vinane na bonde la vigae viwili kati ya milima, wanaopigana ni wawili, sita wanatazama. Mji wa kwanza uko mpakani, eneo lililo wazi, mnajipanga vizuri. Unavyoingia ndani unakutana na mito, misitu na wilaya za adui. Kuvuka mto kunakula hatua za ziada, manjaniki (mtambo wa kurusha mawe) inayumba zamu mbili nzima kutafuta kigae cha kusimama. Wakati huo mji unapiga, kambi ya kijeshi ya adui nayo inapiga. Vikosi vinakufa kwa msongamano.

#10 Shaba na Chuma

Zamani kwenye Civ IV ungerundika vikosi ishirini kwenye kigae kimoja ukasukuma tu. Raha sana.

#11 KutaNne

@Shaba na Chuma na manjaniki moja ya adui ingejitoa mhanga na kujeruhi vikosi kadhaa vya rundo lako kwa mpigo. Usisahau hiyo sehemu.

#12 Shaba na Chuma

Hahaha, nakumbuka mkuu. Lakini hakukuwa na foleni.

#13 Mkaguzi wa Mipaka

Habari za mzunguko wote huu, mbona hamjagusa mzingiro? Mji ambao haujazingirwa unajirudishia uhai 20 kila zamu. Ukiuzingira haurudishi kitu. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuwa kikosi kizima cha wapiga mishale.

Watu wanadhani mzingiro ni kujaza vigae vyote sita. Si lazima. Askari wa ana kwa ana ana eneo lake la udhibiti, analinda kigae alichosimama na vinavyomgusa. Weka mmoja kaskazini ya mji na mwingine upande wa pili kabisa, mkabala naye. Wawili hao wanafunika vigae sita vyote. Wapiga mishale hawana eneo la udhibiti, kwa hiyo hata ukiwa nao watano wamezunguka nusu ya mji hujazingira chochote kile zaidi ya vigae walivyokalia.

Mji wa pwani ni habari nyingine. Bila meli, upande wa maji uko wazi na mji unaendelea kupona. Ukihesabu vita vilivyokwama, angalia ni mingapi kati ya hiyo miji ya tatu ilikuwa pwani.

#14 Gavana Msafiri

@Mkaguzi wa Mipaka hii ya askari wawili wenye kukabiliana ni dhahabu, iwekwe juu ya jukwaa. Ila bado haijibu kwa nini mji wa TATU. Mzingiro ni uleule mji wa kwanza hadi wa mwisho.

#15 Mkaguzi wa Mipaka

Inajibu. Mji wa kwanza unauchukua kwa pupa bila mzingiro kwa sababu hauna kuta, unazoea hivyo. Mazoea hayo ndiyo yanakufuata hadi kwenye mji wenye ukuta.

#16 Malkia wa Vigae

Wapendwa, mimi nachukua miji bila vita kabisa. Namchezea kiongozi Eleanor wa Aquitaine. Kila kazi kuu ya sanaa iliyomo kwenye mji wangu inapunguza uaminifu wa miji ya wageni iliyo ndani ya vigae 9 kwa alama 1. Jaza majumba ya makumbusho mpakani, subiri. Mji ukiasi kwa sababu ya msukumo wangu unaruka moja kwa moja kuja kwangu, haupitii kuwa mji huru. Mji wa tatu, wa nne, wa tano, wanakuja wenyewe na kuta zao.

#17 Farasi wa Mbele

Dada hiyo ni vita au ni posa?

#18 Malkia wa Vigae

Miji ni yangu, ita utakavyo 😂

#19 Panga Kali

Tuongee ukweli kuhusu Deity. Kompyuta inaanza na walowezi watatu, wewe mmoja. Inaanza na vikosi vitano vya rungu. Uzalishaji na dhahabu ina asilimia 80 ya ziada, sayansi na utamaduni asilimia 32. Na kila kikosi chake kina nguvu 4 zaidi. Zile 30 alizotaja KutaNne zinageuka: wewe unaumia kama 35, yeye anaumia kama 26, kwa vikosi vilevile.

Kwa hiyo suala ni muda. Kuna dirisha, na dirisha linajifunga. Mji wa kwanza uko ndani ya dirisha, wa pili unaingia kwa ubavu, wa tatu uko nje. Wakati unatembea kutoka mji wa pili kwenda wa tatu, yeye na asilimia zake 80 ameshatengeneza jeshi jipya na ameshavuka zama. Ungekuwa na haraka zaidi, au ungeanza na vikosi vingi zaidi kwa pamoja, usingeona tofauti kati ya mji wa kwanza na wa tatu.

Ndiyo maana Cyrus, kiongozi wa Uajemi, ananifaa. Akitangaza vita vya ghafla vikosi vyake vinapata hatua 2 za ziada kwa zamu 10 za mwanzo. Hizo zamu 10 ndizo dirisha lenyewe. Askari wa panga mwenye hatua nne anafika mji wa tatu kabla ukuta haujaisha kujengwa.

#20 Mzee wa Zamu

@Panga Kali hoja nzito. Lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayokunyima kupona. Unanirudisha kwangu.

#21 Panga Kali

Hapana. Ukifika haraka hujeruhiwi sana, kwa hiyo huna cha kupona.

#22 Kobe Mtulivu

Vita vya ghafla vina gharama yake. Kwenye Gathering Storm vinaleta malalamiko 150. Vita rasmi ni 100, lakini umshutumu kwanza kisha usubiri zamu 5. Ukiteka miji juu ya hayo malalamiko, dunia nzima inakugeukia, na wenzake wanaweza kuitwa kwenye dharura ya kijeshi dhidi yako. Nimeona vita vikifia kwenye mji wa tatu kwa sababu jirani mwingine kabisa, aliyekuwa rafiki, ameingia mgongoni na jeshi lote liko mbali. Hilo hamjalihesabu.

#23 Nyota ya Pili

Mimi ni mgeni kwenye gemu, naomba kuuliza. Huyu jirani wangu ni Gandhi, kiongozi wa India anayechezwa na kompyuta. Nimesikia ana ile hitilafu ya tangu gemu la kwanza, ukali wake ulikuwa 1, ukipunguzwa 2 unaruka hadi 255 na anapiga watu nyuklia. Nimwogope?

#24 Shaba na Chuma

Ndiyo, hiyo ni historia maarufu. Civ ya 1991, hesabu ya baiti moja ilizunguka. Kimbia 😄

#25 Mkaguzi wa Mipaka

@Shaba na Chuma hiyo hadithi imeshakanushwa, mkuu. Sid Meier mwenyewe alikanusha mwaka 2020, hitilafu hiyo haikuwepo kwenye gemu la 1991. Watengenezaji waliichukua kama utani baadaye, na kwenye Civ V ndipo Gandhi alipowekewa makusudi upendeleo mkubwa wa nyuklia.

@Nyota ya Pili, angalia ana vikosi vingapi mpakani. Hilo ndilo la kuogopa.

#26 Nyota ya Pili

Asante sana. Ana wapiga mishale wawili tu mpakani.

#27 Panga Kali

Basi mbona bado unaandika humu? Ingia!

#28 Binti Ngao

Turudi kwenye mada. Mzee wa Zamu, hoja yako ya kupona naikubali nusu. Umesahau njia mbili za kupona bila kusubiri.

Ya kwanza ni kupora. Kikosi kikipora shamba la adui kinapata uhai 50 papo hapo. Kila shamba linalozunguka mji ni tiba, na adui anakosa chakula. Wachezaji wengi wanaacha mashamba wakisema "nitayatumia nikiuchukua mji". Fundi analitengeneza baadaye, askari aliyekufa harudi.

Ya pili ni cheo. Kupandisha cheo kunarudisha uhai 50. Cheo kikiiva usikichukue ukiwa mzima. Kiweke. Askari wa panga mwenye uhai 30 aliyebeba cheo hajaisha, anapanda na kuwa na 80 katikati ya adui. Zamu hiyo hapigani, kwa hiyo mweke nyuma ya mwenzake kwanza.

Nikiwa na vikosi vya panga vitatu, kila kimoja na cheo mkononi, naingia mji wa tatu na akiba ya uhai 150 ambayo adui haioni kwenye hesabu zake.

#29 Mzee wa Zamu

Hii ya kubeba cheo naifanyia kazi. Lakini ona, umejibu kwa kutatua kupona. Maana yake tatizo ni kupona.

#30 KutaNne

Usishangilie mapema mkuu 😄 Askari hao wanaumia kwa sababu ya nini? Ukuta.

#31 Farasi wa Mbele

Na jenerali je? Mimi nikipata Jenerali Mkuu wa zama za kale za fahari, wapiga mishale wangu wanapata nguvu 5 na hatua moja zaidi. Kuta hazinisumbui.

#32 Mkaguzi wa Mipaka

@Farasi wa Mbele hapo tena kaka, soma maelezo ya jenerali. Anasaidia vikosi vya zama zake na zama zinazofuata tu, ndani ya vigae 2. Wapiga mishale ni wa zama za mwanzo kabisa, yeye ni wa zama ya pili. Hawapi kitu. Anawapa askari wa panga, wapanda farasi na manjaniki. Hiyo hatua moja kwa manjaniki ni jambo kubwa, kwa sababu kawaida manjaniki ikisogea haipigi. Ukiwa na jenerali inasogea kigae na kupiga zamu ileile. Msongamano wa Kobe Mtulivu unapungua sana.

#33 Farasi wa Mbele

Leo uzi huu umeamua kunifundisha mimi. Endeleeni.

#34 Gavana Msafiri

Kwa wanaotaka jibu la vitendo: mpeleke gavana kabla vumbi halijatua. Gavana anatoa uaminifu 8 kwa zamu kwenye mji aliopo, na unahesabika tangu unapompangia, hata kabla hajatulia. Victor anatulia zamu 3 wakati wenzake ni 5, na ukimpandisha cheo cha kusimamia ngome anaipa miji yako mingine iliyo ndani ya vigae 9 uaminifu 4. Kwa hiyo Victor haendi mji wa kwanza. Anakaa mji wa pili, ulio katikati, anashika wa kwanza na wa tatu kwa wakati mmoja.

Na mpangilio. Msiende mji mdogo, mji mdogo, halafu mji mkuu. Mkiweza, mji mkuu uwe wa pili. Raia wengi wa adui wako pale. Ukiuchukua, msukumo wake unageuka kuwa wako na miji midogo inaanza kuyumba yenyewe.

#35 Panga Kali

Mji mkuu uwe wa pili? Ndio wenye kuta kwanza na ndio wenye wilaya nyingi. Kila wilaya inaongeza nguvu ya mji. Unampeleka mtu machinjioni.

#36 Gavana Msafiri

Ndiyo maana nimesema mkiweza.

#37 Kobe Mtulivu

Njia yangu ni tofauti na zenu zote: miji miwili, kisha amani. Vita vikifikisha zamu 10 unaweza kusaini. Kwenye mkataba dai akukabidhi rasmi miji uliyoteka, iache kuhesabika kuwa imekaliwa. Unapona ukiwa kwako, alama 20 kwa zamu ndani ya mji. Ukimaliza unaanza upya na mji wa tatu unakuwa mji wa kwanza wa vita vipya.

#38 KutaNne

Na yeye kwenye hizo zamu anajenga kuta za zama za kati. Gogo lako limekufa.

#39 Kobe Mtulivu

Na mimi najenga mnara.

#40 Panga Kali

Na dirisha limefungwa.

#41 Mzee wa Zamu

Wakuu, nimejaribu kupanga hoja zenu: kupona, kuta, uaminifu, njia, mazoea ya kutozingira, dirisha, majirani wengine. Kila nikitaka kuchagua moja naona inashikilia nyingine. Tufanye hivi: anayeanza vita vipya aweke picha ya jeshi siku anapouchukua mji wa pili. Tuone uhai wa vikosi, tuone uaminifu wa mji, tuone kama wa tatu una ukuta. Tubishane tukiwa na ushahidi.

#42 Nyota ya Pili

Nimeingia kwa Gandhi kama nilivyoshauriwa. Mji wa kwanza umekuja, wa pili pia. Nina vikosi vya panga vitatu: uhai 71, 44 na 38. Huyo wa 38 ana cheo hajakichukua. Gogo ni zima. Wa tatu uko pwani, una kuta za kale, na mto unapita mashariki yake. Meli sina. Mji wa pili unapoteza uaminifu 6 kwa zamu na gavana wangu pekee yuko nyumbani. Nisonge au nisimame?

#43 Panga Kali

Songa leo.

#44 Gavana Msafiri

Hapana! Hamisha gavana kwanza, atakupa 8, mji utaanza kupanda 2.

#45 Binti Ngao

Kuna mashamba mangapi yanayozunguka huo mji wa tatu?

#46 Nyota ya Pili

Mawili. Moja liko ng'ambo ya mto.

#47 Binti Ngao

Wa 44 akapore lile la upande wako. Wa 38 asiguse ukuta kabla hajachukua cheo. Na anza meli moja, hata ndogo.